Programu Moja, Shule Nyingi: Namna ya Kufundisha Utengano wa Programu na Mipangilio Yake

Miongoni mwa mambo ambayo mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha huyaacha kando kwa kudhani kuwa ni ya mafundi peke yao, limo hili: kwamba programu ya kompyuta ni kitu kimoja, na mipangilio inayoiongoza mahali inapotumika ni kitu kingine, na kwamba vitu hivi viwili havipaswi kufungwa katika kifurushi kimoja. Sisi tunashikilia kwamba jambo hili si la mafundi tu. Mtoto wa darasa la sita aweza kulielewa katika vipindi viwili, hata kama shuleni mwake hamna kompyuta hata moja, mradi mwalimu aanzie pale mtoto alipo. Naye mwalimu mwenyewe analihitaji zaidi kuliko mtoto, kwa kuwa ndiye atakayekabidhiwa kompyuta ya shule siku fundi akishaondoka.

Mifano tuliyoitumia tumeichukua katika Wilaya ya Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wa wasomaji wetu watakwenda kufundisha. Mwalimu wa Pangani au wa Kasulu hana budi kutafuta mifano ya kwao. Hii yetu haitamfaa kama ilivyo.

Mizani na ubao wa bei

Kakao ya Kyela huuzwa kwa mnada chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima huileta kakao yake iliyokwisha kukaushwa katika ghala la chama cha ushirika cha msingi, karani huiweka juu ya mizani, uzito huandikwa, na bei hujulikana mnada ukishafanyika. Mtoto anayefuatana na mzazi wake huona mambo mawili bila ya kuambiwa: mizani ni ile ile juma hili na juma lijalo, lakini bei ya kilo haikai mahali pamoja. Katika soko la New York tani moja ya kakao ilikuwa takribani dola 2,500 mwaka 2022. Mwezi Machi 2024 ikapita dola 10,000. Na katika mwaka 2025 ikashuka tena kwa kiasi kikubwa. Kupanda na kushuka huko hakukumlazimisha karani yeyote kununua mizani mpya. Kilo ilibaki kuwa kilo.

Mizani hiyo, tena, hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri. Maana ya muhuri ni kwamba haruhusiwi mtu yeyote, awe karani au mkulima, kuifungua na kuvichezea vilivyomo ndani yake. Bei, kwa upande mwingine, huandikwa nje, kwa chaki ubaoni au kwa kalamu katika karatasi iliyobandikwa ukutani, mahali ambapo mwenye mamlaka ya kuibadili aweza kuifikia na kila mtu aweza kuisoma.

Hapa mwalimu aulize swali moja, kisha anyamaze: kwa nini aliyetengeneza mizani hakuichonga bei ndani yake? Asiwe na haraka ya kujibu. Darasa likipewa nafasi, majibu yenye maana hujitokeza yenyewe. Mmoja atasema kwamba ingelazimu kununua mizani mpya kila baada ya mnada. Mwingine atasema kwamba aliyeitengeneza alikuwa mbali na hakuijua bei ya Kyela. Wa tatu, naye ndiye wa kusikilizwa sana, atasema kwamba ili kubadili bei ingebidi kuuvunja muhuri, na muhuri ukishavunjwa hakuna tena atakayeuamini uzito. Majibu hayo matatu yaandikwe ubaoni yakae, maana tutayahitaji.

Mfano huu wa mizani una upungufu, na ni vema mwalimu aujue mapema kabla hajaumbuliwa na mwanafunzi mwerevu. Mizani haisomi ubao. Anayesoma ubao na kuzidisha uzito kwa bei ni karani. Programu ya kompyuta huusoma ubao wake yenyewe kila inapoanza kazi. Kwa sehemu hiyo mfano ulio bora ni mwalimu mgeni: afikapo shuleni asubuhi ya kwanza, kabla ya kuingia darasani, huitazama ratiba iliyobandikwa katika ofisi ya walimu. Elimu yake ya kufundisha ameibeba kutoka chuoni, nayo ni ile ile angepelekwa shule yoyote. Kipindi gani, darasa gani, saa ngapi, hayo huyasoma papo hapo. Hakuna chuo cha ualimu kinachowakaririsha wanachuo ratiba ya shule moja.

Jambo lenyewe katika kompyuta

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza. Mtengenezaji akisha kuyaandika na kuyajaribu, huyafunga pamoja yakawa kifurushi kimoja kinachoweza kunakiliwa na kupelekwa popote. Kifurushi hicho ndicho mizani iliyopigwa muhuri, na mfano huu si wa maneno matupu, kwa kuwa vifurushi vingi hutiwa sahihi ya kidijiti: ukibadili hata herufi moja ndani yake, sahihi hailingani tena na kilichomo. Programu za simu za Android ziko hivyo. Kifurushi kilichofunguliwa na kuchezewa, simu hukikataa.

Lakini programu ile ile itatumika mahali pengi, na kila mahali pana mambo yake: jina la shule, anwani ya kompyuta kuu inayotunza taarifa, nenosiri la kuifikia, aina ya printa, lugha, saa ya kengele. Mambo hayo ndiyo tunayoyaita mipangilio, na faili dogo linaloyahifadhi nje ya kifurushi ndilo faili la mipangilio. Kwa kawaida ni maandishi ya wazi ambayo mtu yeyote anayejua kusoma aweza kuyafungua na kuyahariri. Kwa mfano:

jina_la_shule = Shule ya Msingi Ufukoni
kengele_ya_kwanza = 07:30
lugha = Kiswahili
printa = ofisi_ya_mwalimu_mkuu

Tuseme sasa fundi mmoja ameombwa kutengeneza programu ya kupiga kengele na kuchapa taarifa za maendeleo ya wanafunzi kwa shule tatu: moja Matema, moja Ipinda, na moja Kasumulu mpakani. Fundi huyo, kwa kuwa ana haraka, anayaandika jina la shule, saa na nenosiri ndani ya maagizo yenyewe, halafu anayafunga. Kazi inakwenda vizuri kwa muhula mmoja. Kisha yanaanza kutokea yale ambayo darasa limekwisha kuyataja katika habari ya mizani.

Kwanza, fundi hana programu moja, anazo tatu. Kosa likigunduliwa katika hesabu ya wastani, hana budi kulisahihisha mara tatu, na atakapolisahau katika moja, watoto wa shule hiyo wataendelea kupewa wastani usio wao. Pili, mwalimu mkuu wa Ipinda anapotaka kuisogeza kengele kwa nusu saa, hawezi. Aliyefunga kifurushi peke yake ndiye awezaye kukifungua. Akiwa fundi yuko Mbeya mjini na ni mwezi wa Aprili, basi kengele itasubiri. Msomaji anayeijua Kyela hahitaji kuelezwa masika ya kule yalivyo, wala namna mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inavyofurika katika tambarare ile. Tatu, toleo jipya la programu linapoletwa, hukaa mahali pa lile la zamani, na yote yaliyorekebishwa ndani ya lile la zamani hupotea nalo.

Liko na la nne, ambalo ndilo zito. Nenosiri lililoandikwa ndani ya programu husafiri na programu. Kila anayepewa nakala amepewa na ufunguo. Mwaka 2016 wavamizi waliyafikia maandishi ya programu za kampuni ya Uber, wakayakuta ndani yake maneno ya siri ya kuingilia mahali zilipohifadhiwa taarifa. Wakachukua taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni ilikiri jambo hilo hadharani mwezi Novemba 2017. Ikiwa kampuni yenye mafundi wengi namna ile iliweza kupatwa na hayo, shule yenye kompyuta moja na orodha ya watoto mia nane, majina yao, umri wao na simu za wazazi wao, haina sababu ya kujiona iko salama. Wahandisi wa kampuni ya Heroku ya Marekani, walipoandika kanuni zao kumi na mbili za kutengeneza programu mnamo mwaka 2011, waliweka kipimo ambacho sisi tunakiona kizuri kwa wepesi wake: jiulize kama ungeweza kuyatangaza maandishi yote ya programu yako kwa ulimwengu mzima leo hii bila ya siri yoyote kutoka. Kama huwezi, mipangilio haijatengwa.

Desturi hii ya kutenga si mpya. Mfumo wa Unix, ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, uliyaweka mafaili ya mipangilio katika folda iitwayo /etc, mbali na folda kuu za programu. Na mifumo ya Linux ya siku hizi imeurithi utaratibu huo. Katika mfumo wa Debian, mathalani, toleo jipya la programu likikuta kwamba wewe umelibadili faili la mipangilio, nalo lina faili jipya la kwake, halikufutii lako kimya kimya: hukuuliza kama walitaka lako libaki au waipokea nakala mpya. Huo ndio uungwana tunaoutarajia kwa mgeni anayekuta nyumba ina mwenyewe.

Mfano wa zahanati

Tumeona inafaa kutoa mfano mmoja wa kweli ambao mwalimu wa Kyela huishi karibu nao pasipo kuujua. Zahanati ya kijijini huandika katika vitabu vya MTUHA idadi ya watoto waliochanjwa na wagonjwa waliotibiwa. Taarifa hizo hufika wilayani na kuingizwa katika programu iitwayo DHIS2. Programu hii hutengenezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kutokana na kazi iliyoanzia Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, na nchini Tanzania imetunzwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, nayo Tanzania Bara ikafuata katika miaka iliyofuatia. Uganda nayo huitumia.

Sasa, kifurushi cha DHIS2 kinachotumika Dar es Salaam, toleo likiwa moja, ni kile kile kinachotumika Nairobi na Kampala. Hakuna aliyekaa Oslo akaandika ndani yake jina la Kyela. Kando ya kifurushi hicho liko faili dogo, jina lake dhis.conf, ambalo kila nchi hujiandikia lake. Humo mna anwani ya kanzidata, jina la mtumiaji, na nenosiri. Programu inapoanza hulitafuta faili hilo katika folda iliyotajwa kwake, hulisoma, ndipo huijua hazina ya kuchotea. Likija toleo jipya, kifurushi cha zamani huondolewa na kipya huwekwa, dhis.conf haliguswi. Na kwa kuwa lina nenosiri, watunzaji huagizwa kulifungia asiweze kulisoma ila yule mtumiaji wa kompyuta aliyepewa kazi ya kuiendesha programu.

Lakini idadi ya watoto waliochanjwa Matema haimo katika kifurushi, wala haimo katika dhis.conf. Imo katika kanzidata. Hapa ndipo wanachuo wengi hukwama, nasi tunawashauri wapatulie mahali hapa muda wa kutosha. Masanduku si mawili, ni matatu: programu, mipangilio, na taarifa. Programu ni ya mtengenezaji. Mipangilio ni ya mahali. Taarifa ni ya kazi ya kila siku, nayo huongezeka kila siku. Alama za mtihani wa Kiswahili si mipangilio, ingawa hubadilika kuliko kitu chochote kingine shuleni. Anayeziweka alama katika faili la mipangilio amekosea sawasawa na yule anayeziweka ndani ya programu, maana ubao wa bei haukuwekwa ili uandikwe majina ya wakulima wote.

Shule inayopata kompyuta lakini haina intaneti yaweza kukutana na utaratibu uo huo katika Kolibri, programu ya masomo inayotolewa bure na shirika la Learning Equality, nayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Hiyo huhifadhi mipangilio na masomo katika folda yake maalumu iliyo nje ya programu. Humo limo faili liitwalo options.ini. Mwalimu anayetaka masomo yahifadhiwe katika diski ya nje kwa sababu ile ya ndani imejaa, hulihariri faili hilo, na programu yenyewe hubaki kama ilivyotoka kwa mtengenezaji.

Kipi kisiingie katika mipangilio

Mwanachuo akisha kulipenda wazo hili, huvutwa kupindukia, akataka kila kitu kiwe mpangilio. Tunamwonya. Chukua madaraja ya ufaulu: hayo huwekwa kitaifa, wala si ya mwalimu mkuu wa shule moja kuyapandisha na kuyashusha. Programu inayoyaweka madaraja katika faili la wazi imempa kila mtu chaki ya kuandikia mahali pasipo pake. Kanuni tunayoipendekeza darasani ni kuuliza maswali mawili. Je, jambo hili hutofautiana baina ya shule na shule? Je, aliyepo shuleni anayo haki ya kulibadili? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, basi ni mpangilio. Likiwa moja ni hapana, pana haja ya kufikiri tena, na darasa zuri laweza kubishana juu ya jambo moja tu kwa robo saa. Tuliona mabishano kama hayo juu ya lugha ya taarifa za wazazi, na hatukuona sababu ya kuyakatiza.

Somo lenyewe bila ya kompyuta

Zana zinazohitajika ni bahasha nane, karatasi, kalamu na gundi. Somo tumelipangia darasa la sita, vipindi viwili vya dakika 40, ingawa darasa la tano lililochangamka huliweza.

Mwalimu aligawe darasa katika makundi manne, ayaite Matema, Ipinda, Ngonga na Kasumulu. Kila kundi limteue mwanafunzi mmoja awe Programu. Kila Programu apewe bahasha iliyofungwa kwa gundi, na mwalimu atangaze wazi kwamba bahasha zote nne zina maneno yale yale, na kwamba ni Programu peke yake anayeruhusiwa kuisoma ya kwake. Maneno ya ndani yawe machache:

Tafuta karatasi ya mipangilio iliyo juu ya dawati. Soma penye neno salamu, uwasalimu wenzako kwa salamu hiyo. Soma penye neno jina, useme “Karibuni” na jina hilo. Soma penye neno kengele, ugonge dawati mara zilizoandikwa.

Kila kundi sasa liandike karatasi yake ya mipangilio. Matema yaweza kuandika salamu = Mugonile, na Kasumulu salamu = Hamjambo. Kundi moja litagonga mara mbili, jingine mara saba. Programu zote nne zianze kazi kwa zamu, na darasa lisikilize. Mara watoto watagundua kwamba maagizo ni yale yale na matendo si yale yale, na hilo walione wenyewe kabla mwalimu hajatamka neno mipangilio kwa maana yake ya kitaalamu.

Baada ya hapo mwalimu alete toleo jipya: bahasha nyingine nne, ambazo ndani yake kumeongezwa agizo moja. Soma penye neno siku, uitaje. Kama hapana neno hilo, sema Jumatatu. Bahasha za zamani zikusanywe na kuchanwa mbele ya darasa. Watoto waulizwe kama wanahitaji kuandika karatasi mpya za mipangilio. Wataangalia karatasi zao, wataona bado zipo, na Programu zitaanza tena kazi kwa salamu zile zile na majina yale yale, isipokuwa kwamba sasa wote watataja Jumatatu. Kundi litakalotaka Alhamisi litaongeza mstari mmoja kwa kalamu. Hivyo watakuwa wamejifunza pia maana ya thamani ya awali: ile ambayo mtengenezaji ameiweka ndani ya kifurushi itumike pale ambapo mwenye mahali hakusema kitu. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu huwa nayo kwa kila jambo linaloweza kukadiriwa. Kwa nenosiri haiwezi kuwa nayo, wala isiwe nayo, maana nenosiri la awali lililo sawa kila mahali hujulikana na kila mtu.

Mzunguko wa tatu ni wa makosa, nao ndio wanaoufurahia sana. Mwalimu aifiche karatasi ya kundi moja. Programu afanye nini? Wengine watasema abuni jina. Wengine watasema anyamaze. Sisi tunaona lililo bora ni kwamba aseme kwa sauti: “Sikuiona karatasi ya mipangilio juu ya dawati,” kisha asimame hapo hapo. Programu inayobuni jina la shule itachapa taarifa mia mbili zenye jina lisilo sahihi kabla mtu hajagundua. Inayosimama bila kusema sababu itamfanya mwalimu mkuu aite fundi kwa jambo ambalo angelimaliza mwenyewe.

Makosa ya kutazamia

Katika karatasi moja mwalimu abadili neno kengele liwe kengere, matamshi yanayosikika sana, kisha atazame. Mtoto atasoma tu na kugonga, kwa kuwa akili yake imesahihisha kosa bila kumwuliza. Hapo mwalimu amsimamishe na kueleza kwamba kompyuta haina hisani hiyo. Kwayo kengere ni neno jingine kabisa, na penye neno kengele haikuona kitu. Aghalabu kompyuta ya shule inayosemwa kuwa imeharibika baada ya mtu kubadili mipangilio huwa na kasoro ya namna hii: herufi moja, alama ya usawa iliyosahauliwa, au nafasi iliyozidi. Kwa hiyo desturi ya kwanza ya kumzoeza mtoto, na mwalimu pia, ni kulinakili faili la mipangilio na kuliweka kando kabla ya kuligusa.

Kosa la pili ni la saa, nalo latuhusu sisi Waswahili kuliko watu wengine. Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Mwalimu anayetaka kengele ya saa moja na nusu asubuhi akaandika 01:30, kengele yake italia usiku, watu wote wamelala, na asubuhi itanyamaza. Aandike 07:30. Zoezi fupi la kugeuza saa sita au saba za Kiswahili ziwe za kompyuta laweza kufanywa katika kipindi cha Hisabati.

La tatu si kosa la watoto bali la walimu: kubandika nakala ya faili la mipangilio ukutani, pamoja na nenosiri, ili lisisahauliwe. Tulisema juu kwamba ubao wa bei husomwa na kila mtu, na hapa mfano wa mizani unatuacha njia panda kwa mara ya pili. Bei si siri, nenosiri ni siri. Ndiyo maana mafundi wengi hugawanya mipangilio yenyewe mafungu mawili, ya wazi na ya siri, wakaliweka fungu la siri katika faili jingine linalofungwa, au katika vigezo ambavyo kompyuta humkabidhi programu wakati wa kuanza tu. Kwa mtoto yatosha kumpa kila mmoja karatasi ya pili iliyokunjwa, yenye neno la siri la kundi, ambayo Programu huiona na wengine hawaioni.

Kwa tathmini tunapendekeza swali moja refu badala ya maswali kumi mafupi. Shule iliyokuwa bondeni imehamishiwa mwinuko kwa sababu ya mafuriko. Jina lake limebaki. Wanafunzi thelathini wa shule ya jirani wameongezwa. Kengele ya kwanza imesogezwa hadi saa mbili kamili asubuhi. Printa ya zamani iliharibiwa na maji, ikanunuliwa nyingine. Na imegunduliwa kwamba programu hukosea kila mwanafunzi anapokuwa na majina manne. Barabara haipitiki na fundi yuko Mbeya. Ni yapi kati ya hayo mwalimu mkuu aweza kuyatengeneza leo, na kwa kila moja ataligusa sanduku lipi?

Jibu la wanafunzi thelathini ni sanduku la taarifa. La kengele ni mipangilio, na anayeandika 02:00 apunguziwe alama. Majina manne humsubiri fundi, maana hilo ni kosa la programu yenyewe. Juu ya printa pana majibu mawili, na mwalimu ayapokee yote mawili yakiwa na sababu: jina la printa hubadilishwa katika mipangilio, lakini kama printa ni ya aina ambayo kompyuta haijapata kuijua, itahitajika pia programu ya kuiendesha, ambayo yamkini imo katika diski iliyokuja ndani ya boksi la printa.